Maji Tena Nyumbani kwa Balbina

Sisi watu wa Lumemo tuna ugonjwa wa kulisha. Mgeni akifika, hata kama ametoka nyumba ya pili tu, anawekewa sahani, na mwenye nyumba anasimama palepale akimwangalia mpaka aone chini ya sahani. Ukisema umeshiba, unaulizwa umekula kwa nani. Nimegombana na shangazi zangu wote kwa ajili ya jambo hili. Nimeitwa mwenye madaha, nimeitwa mchoyo, na bado nitagombana. Sababu yangu ni bibi yangu Apolonia na kidole chake cha shahada kilichopinda.

Kidole kile hakikunyooka wala kukunjika hata siku moja tangu nimjue. Akishika jembe kilibaki kimesimama peke yake, kana kwamba kinamwonyesha mtu. Nilipomuuliza mara ya kwanza alisema aling'atwa na mumewe. Nilicheka, nikidhani ananitania, naye akanitazama mpaka nikaacha kucheka.

Majina haya ya ubatizo yalikuja baadaye, mapadri walipoanza kutembelea vijiji vyetu. Wakati wa mambo ninayoyasimulia kila mmoja alikuwa na jina lake la nyumbani. Lakini mimi nilizaliwa nikawakuta wanaitwa Apolonia na Balbina na Raimundi, basi nitawaita hivyohivyo. Na msifanye haraka kusema, "Huyu ni mjukuu, basi babu alipona." Bibi yangu aliolewa mara mbili.

Ilikuwa baada ya vita vya Maji Maji. Wagawaji wa dawa walipopita bondeni, Balbina, mama mkwe wa bibi, ndiye aliyewashika mikono wanawe wawili na kuwapeleka kunywa. Mkubwa alikuwa Raimundi, mume wa Apolonia. Mdogo alikuwa Theodori, ambaye hakuwa ameoa. Walinyweshwa maji, wakanyunyiziwa usoni na kifuani, wakaambiwa risasi za Mjerumani zitageuka maji. Kisha wakaenda na wenzao kulishambulia boma la Mahenge, na risasi hazikugeuka kitu. Waliobaki hai walitawanyika porini. Nyuma yao askari wa Mjerumani wakashuka bondeni, wakachoma maghala, wakachoma mpunga ukiwa shambani, wakaswaga mbuzi mpaka wa mwisho. Aliyetoa amri ile alijua pa kupiga. Watu wengi waliokwepa risasi hawakuikwepa njaa iliyofuata.

Wanawake ndio waliowavusha waliobaki. Walipanda vilima vya upande wa Chita kuchimba ndiga, viazi vya porini vyenye sumu. Ndiga haipikwi hivihivi. Inamenywa, inakatwa vipande vyembamba, inatiwa kwenye kikapu na kufungwa mtoni ambako maji yanakwenda, ikae humo siku kadhaa mpaka ute wake wote uishe. Aliyezidiwa na njaa akaitoa mapema, alivimba mdomo na koo, na wengine walipagawa na kufa. Bibi alisema kazi yenyewe haikuwa kuchimba. Kazi ilikuwa kukaa ukingoni na njaa yako, kikapu kiko mbele yako, na usikiguse.

Theodori alitangulia kurudi. Alitokeza asubuhi moja akiwa na jirani yao Yosefina, mwanamke ambaye walikuwa wamejificha pango moja na kula majani yaleyale. Wote wawili walikuwa mifupa. Tofauti yao ilikuwa moja tu: Yosefina alikuwa amekula ndiga isiyoiva kwa maji, na mdomo wake ulikuwa umevimba hata ulimi haugeuki.

Msimu ule Balbina alikuwa amevuna mpunga kidogo kutoka kijiwanja alichokificha katikati ya matete. Akampikia mwanawe kama desturi inavyotaka. Kwetu, mtu aliyerudi kutoka hatarini hulishwa tonge la kwanza kwa mkono wa mama yake, naye mama huyo hatoki hapo mpaka sahani iishe. Atakayelizuia tonge lile anahesabiwa kuwa alimtakia mwenziwe asirudi. Theodori alikula wali na kambale wa kuchoma, akaramba vidole, akacheka, akamtania shemeji yake kwamba amezeeka. Jioni tumbo lilikuwa limejaa kama ngoma. Asubuhi miguu ilikuwa imevimba na pumzi zinakwenda mbio. Kabla ya mchana kukolea alikuwa amekufa.

Yosefina alikuwa hawezi kutafuna. Apolonia alimdondoshea maji ya uji kwa kibuyu kidogo, matone tu, kwa sababu zaidi ya hapo hayakupita. Yosefina aliishi.

Wazee walisema Theodori alivunja miiko ya dawa. Wengine walisema ni askari waliotia sumu visimani. Balbina hakusema lolote, lakini alikuwa na sababu yake mwenyewe, na aliikalia kimya muda wote wa msiba.

Apolonia naye alikuwa na yake. Njaa moja, pango moja, majani yaleyale. Mmoja ameshiba akafa, mwingine amekosa mdomo wa kulia akapona. Alipokuwa mtoni akiangalia kikapu cha ndiga ndipo jambo hilo lilipomkaa. Kama chakula kina haja ya kulainishwa taratibu ndipo kimfae mtu, huenda na tumbo lililolala muda mrefu lina haja ya kulainishwa taratibu ndipo likifae chakula. Alikuwa na mashaka, na hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Kulisema jambo lile ni kumwambia mama mkwe, "Theodori umemuua wewe, kwa mkono wako."

Hapa niseme ninachokijua kwa kazi yangu, maana nimepima watoto waliokonda kwa miaka mingi. Mwili usiopata chakula haukai ukisubiri. Unakula akiba yake: kwanza sukari kidogo iliyowekwa kwenye ini, kisha mafuta, kisha nyama ya mikono na mapaja, na mwisho hata nyama ya moyo. Wakati huohuo unafunga milango. Kuta za utumbo mwembamba, zenye vinyweleo vidogo vya kunyonya chakula, zinanyauka. Kongosho linapunguza maji yake ya kumeng'enya. Madini yanayoufanya moyo upige yanabaki kidogo sana. Sasa mjazie mtu huyo wali kwa mara moja. Wali unageuka sukari, sukari inaingia kwenye damu, mwili unaisukuma haraka ndani ya misuli na viungo, nayo inapoingia inayavuta yale madini machache yaliyobaki kwenye damu. Moyo unakosa nguvu, miguu inavimba, na mtu anakufa akiwa ameshiba. Balbina hangeweza kulijua hilo, na kila nikimkasirikia huwa najikumbusha hivyo.

Basi ikaja siku ya Raimundi. Asubuhi alipita mvuvi mmoja akasema, "Mama, mwanao yuko kivukoni. Wanamleta kwa machela kutoka upande wa Uchindile. Yu hai, lakini yu hai tu."

Apolonia alianza kulia. Balbina hakulia. Aliingia ndani, akasogeza mafiga, akachimba chini ya jivu na kutoa kibuyu kilichozibwa kwa nta. Ilikuwa mbegu ya mpunga ya mwaka ule, yote. Akaimimina kwenye kinu na kuanza kutwanga.

Bibi alisema alipousikia ule mchi alishikwa na baridi kwenye jua la asubuhi.

"Mama, hiyo ni mbegu," alisema.

"Nitaipandia nini kama mwanangu amekufa?"

"Tumpe uji kwanza, mama. Mwepesi. Tumpe kidogo kidogo mpaka apate nguvu."

Balbina alisimamisha mchi. "Kidogo? Theodori alikufa kwa hicho kidogo. Nilimpa sahani moja. Chunguni mlibaki wali, nikauficha, nikasema atakula kesho. Mwanangu alikufa na wali umebaki chunguni! Safari hii sibakizi punje."

Hiyo ndiyo ilikuwa sababu aliyoikalia. Alikuwa amekaa miezi akiamini kwamba mwanawe alikufa kwa sababu hakumshibisha vya kutosha. Apolonia alikuwa na jibu mdomoni. Alilitazama lile jibu, akamtazama yule mama na mikono yake iliyopasuka, akalimeza. Akachukua ungo akamsaidia kupepeta.

Mchele uliingia chunguni. Balbina akaweka pembeni kambale wawili wakubwa waliokaushwa kwa moshi, wenye mafuta. Majirani walianza kukusanyika, maana harufu ya wali mwaka ule ilikuwa inasafiri. Hilari, kaka yake Balbina, ambaye ndiye alikuwa mkubwa wa nyumba baada ya vita, alikaa mlangoni na mkuki wake magotini.

Machela ikafika. Raimundi alitolewa humo na watu wawili, ingawa hata mtoto angemwinua. Macho yalikuwa ndani sana. Akamtazama mkewe bila kumjua, kisha akakigeuzia uso chungu. Hicho alikijua. Alinyoosha mikono yote miwili na kutoa sauti ambayo bibi hakuwahi kukubali kuniigizia.

Balbina akafunua chungu, akachota tonge la kwanza, akalipulizia lipoe. Apolonia aliona kwamba hakuna tena nafasi ya maneno. Akainua mtungi uliokuwa pembeni mwa mlango, umejaa maji ya mtoni, akaumimina wote ndani ya wali.

Chungu kilifurika. Jivu lilipiga kelele, moshi ukajaa, na punje zikaogelea juu.  Watu wale walikuwa wamekula majani na ngozi za ngoma. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuona mtu akiharibu wali.

Kisha Balbina akapiga ukelele. "Maji! Maji tena! Mlimpa maji akaenda kuuawa, sasa amerudi mnampa maji! Nyumba hii haikutosheka na maji?"

Alimrukia bibi kichwani. Hilari akawatenganisha kwa mpini wa mkuki. Alikuwa mtu mzito wa maneno, na alisema machache. "Umefanya nini, wewe?"

"Nimempikia mume wangu uji, mjomba."

"Kwa nini?"

Watu wote walikuwa wanasikiliza, na Balbina alikuwa amekaa chini, tonge bado limo kiganjani. Apolonia angeweza kujiokoa kwa jina moja tu la Theodori.

"Nimeona hivyo," alisema.

"Umeona hivyo." Hilari aliinamisha kichwa. "Basi atakula uji wako, maana hakuna kingine. Na akifa, utazikwa naye. Nakuambia mbele ya watu hawa."

Bibi alisema, "Sawa, mjomba." 

Akauwasha moto upya chini ya chungu mpaka punje zikapasuka, akachuja, akatia chumvi ya majivu ya majani ya bwawani pamoja na maji aliyochemshia kichwa cha kambale. Akachukua kibuyu kilekile cha Yosefina. Tone. Angoje. Tone. Raimundi alimeza na kudai zaidi. Apolonia akageuza uso. Alikuwa na chungu kizima karibu na goti lake, na mume wake alikuwa anamwita mchawi kwa sauti iliyoanza kupata nguvu kwa sababu ya uji aliompa.

Najua watu wanaosimulia habari hii kama kichekesho, mke anamnyima mume. Nawachukia. Wajaribu wao kukaa karibu na mtu wanayempenda, ananuka njaa, anawaomba chakula na kulitaja jina lao, na wamjibu, "Bado."

Kesho yake miguu ilivimba kidogo. Watu waliiona, kwa maana walikuwa wanaitafuta. Hilari akauchukua mkuki wake na kuanza kuunoa kwenye jiwe la mlangoni, taratibu, bila kumtazama mtu. Apolonia hakuongeza uji. Alipunguza. Aliweka kiganja kwenye kifua cha mumewe na kusikia moyo unakwenda mbio kisha unasita, mbio kisha unasita, na kila ukisita naye aliacha kupumua. Tumbo lilikuwa kimya. Hilo ndilo lililomwogopesha kuliko mkuki. Alilaza sikio pale chini ya kitovu, akasikiliza, na hapakuwa na kitu ndani, kama nyumba iliyohamwa.

Alipokwenda kuchota maji Balbina akaingia. Alikuwa amelificha lile tonge la kwanza, limekauka kidogo, amelipaka mafuta ya kambale. Apolonia aliporudi alimkuta mumewe amefumba macho na mashavu yanachezacheza. Alitupa mtungi, ukavunjika. Akampanua taya, akaingiza kidole na kuanza kuchokonoa, na Raimundi akamuuma kwa nguvu zake zote. Bibi alisikia mfupa ukilia. Hakukitoa kidole mpaka punje ya mwisho imetoka.

"Unamtoa mwanangu chakula kinywani," Balbina alisema polepole. Hakuwa anapiga kelele tena, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Ndiyo, mama."

"Amekukosea nini?"

Damu ilikuwa inadondoka kwenye mkeka. "Hajanikosea. Nawe hujanikosea. Niache na mume wangu, mama, nakuomba. Nikikosea, mjomba yupo mlangoni."

Sijui Balbina aliona nini usoni mwake. Hakutoka, lakini alikaa ukutani na hakumgusa tena. Wakakaa hivyo, wakwe wawili na mgonjwa kati yao. Uji ukawa unachemshwa asubuhi na jioni, ukapanda kutoka matone hadi funda, na Apolonia alikuwa anautoa kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa.

Hata siku moja, jua limeshapanda, ikasikika sauti. Ndogo, ya chini, kama chura aliye mbali. Wanawake wote wawili waliinua vichwa. Ikasikika tena, ndefu zaidi, ikaishia na mguno. Apolonia akalaza sikio chini ya kitovu na kubaki hapo, kisha akaanza kucheka na kulia pamoja.

"Njoo usikie, mama."

Balbina alipiga magoti, akalaza sikio lake kubwa la kizee kwenye tumbo la mwanawe. Utumbo ulikuwa umeamka. Ulikuwa unakoroma, unasukuma, unafanya kazi yake. Kabla hajainua kichwa Raimundi alifungua macho, akasema kwa aibu kwamba anaomba apelekwe nyuma ya nyumba. Hilari aliuweka mkuki chini, akambeba mpwawe mgongoni, na aliporudi aliwatangazia majirani habari ya kile choo kwa maneno ambayo padri asingependa niyaandike. Watu walipiga vigelegele. Uvimbe wa miguu ulipungua, na wakati wa kupalilia ulipofika Raimundi alikuwa anasimama.

Lakini nyuma ya vile vigelegele, ndani, Balbina alikuwa bado amepiga magoti mahali palepale. Uso wake ulikuwa umebadilika. Bibi aliona jambo lile linamfikia, kidogo kidogo, na hakuwa na jinsi ya kulizuia.

"Theodori nilimpa sahani nzima," Balbina alisema.

Apolonia alimjibu upesi. "Theodori alikuja na homa, mama. Nilimshika mwenyewe. Mwili ulikuwa unawaka."

Theodori hakuwa na homa yoyote. Alikuwa wa baridi kama mtungi.

Balbina alimtazama kwa muda mrefu, kisha akakitazama kile kidole kilichofungwa. "Ndiyo," alisema. "Alikuwa na homa."

Baba yangu alizaliwa na Raimundi baada ya mavuno mawili, kwa hiyo sasa mnajua. Raimundi alikuja kuuawa na tembo shambani miaka mingi baadaye, na mume wa pili wa bibi nilimwita babu pia. Mbegu ya mwaka ule waliipata kwa Yosefina, ambaye hakumsahau aliyemdondoshea uji. Na Balbina, mpaka anazeeka, hakumpakulia tena mtu chakula. Mgeni akifika alimkabidhi Apolonia upawa, akatoka kwenda kukaa nje. Watu walisema amekuwa na kiburi.

Alipolala kitandani mara ya mwisho, amekwisha batizwa, hakuweza kumeza ila majimaji. Bibi alimlisha maji ya wali kwa kibuyu kilekile, kile kidole kimesimama pembeni. Balbina alimeza funda moja, akapumzika, akafungua macho.

"Theodori hakuwa na homa," alisema.

 Bibi alichota funda jingine, akalipulizia lipoe, akangoja afungue mdomo.